Neno "get" la Kiingereza: namna ya kujua maana yake pale ulipolikuta

Ukitafuta "get" kwenye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, neno la kwanza utakalopewa ni "pata". Linakufaa kwa sentensi mbili tatu, kisha linakutupa njiani. Kwenye "it's getting dark" hakuna anayepata kitu. "Get off the bus" haina kupata ndani yake, na "I got my hair cut" ukiitafsiri kwa "pata" unachekesha watu. Hapo wengi huanza kukariri orodha ya maana arobaini, kila moja na mfano wake. Ni kazi ya kuteka maji kwa pakacha. "Get" ikiwa peke yake karibu haina maana. Ni ganda tu, na kinachoamua maana ni neno linalolifuata. Ukijua kusoma kinachofuata, orodha huihitaji.

Tena, Kiswahili kinazo kazi zote zinazofanywa na "get", ila hazijakaa kwenye neno moja. Zimo kwenye mnyambuliko wa vitenzi: katika mwisho wa "vunjika", wa "lipwa", wa "pitisha", wa "letea". Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili hajifunzi kitu kigeni kabisa. Anajifunza tu kwamba kile anachokifanya kwa silabi moja mwishoni mwa kitenzi, Mwingereza hukifanya kwa "get".

Hatua ya kwanza: yajue maumbo yake

Wakati uliopo ni "get", na nafsi ya tatu umoja ni "gets". Ukiongeza "-ing", "t" inakuwa mbili: "getting". Kuandika "geting" ni kosa la kila siku. Wakati uliopita ni "got" kwa nafsi zote.

Umbo la tatu, lile linalokuja baada ya "have", ndilo linalowagawa wenye lugha. Uingereza husema "got", Marekani na Kanada husema "gotten". Usidhani Mmarekani hutumia "gotten" kila mahali, maana kwake maneno hayo mawili yana kazi tofauti. "I've gotten a car" ni "nimepata gari", kuna tukio la kulipata. "I've got a car" ni "nina gari", basi, hata kama nimelirithi miaka 20 iliyopita. Mwingereza kwa sentensi zote mbili husema "I've got a car" na kumwachia msikilizaji aamue. "Gotten" ilikuwa hata Uingereza zamani, na bado imebaki kwenye "forgotten" na "ill-gotten", yaani kilichopatikana kwa njia haramu. Chagua mtindo mmoja na ubaki nao ndani ya andiko moja.

Kosa jingine la mwanzo liko kwenye maswali. "Get" si kitenzi kisaidizi, kwa hiyo swali na ukanushi vinahitaji "do": "Did you get paid?", "I didn't get it". Ukisema "Got you paid?" au "I got not it" hueleweki vizuri. Na baada ya "did", "got" inarudi kuwa "get". "Did you got" ni kosa lile lile la "did you went".

Hatua ya pili: tazama kinachofuata

Ukikutana na "get", usisimame hapo. Ruka neno moja mbele na ujiulize: hiki kinachofuata ni jina la kitu, ni sifa, ni umbo la tatu la kitenzi kingine, ni mahali, au ni mtu anayefanyishwa jambo? Jibu likishapatikana, zaidi ya nusu ya kazi imekwisha.

Kikifuata kitu

Hapa ndipo "pata" ina nafasi, na hata hapa ina washindani. "Get a letter" ni kupokea. "Get some bread" ni kununua, au kwenda kuchukua. "Get the bus" ni kupanda. "Get a cold" ni kushikwa na mafua. "Get ten years" ni kuhukumiwa miaka kumi. "Get the joke" ni kuelewa mzaha, na hapa Kiswahili cha mtaani kinakubaliana kabisa na Kiingereza: "I get you" ni "nimekupata". Ona tu kwamba njeo zimepishana. Sisi tunasema kwa -me-, wao kwa wakati uliopo.

Ukitaka kuchagua neno sahihi, angalia kitu chenyewe huwa kinamfikiaje mtu. Barua huja yenyewe, kwa hiyo ni kupokea. Mkate haujileti. Ugonjwa humshika mtu. Mara nyingi hakuna haja ya kufungua kamusi.

Matumizi mawili ya kundi hili huwakamata watu wakiwa hawajajiandaa, kwa sababu kitu chenyewe hakitajwi. Simu ikilia au mlango ukigongwa, mtu akisema "I'll get it", maana yake ni "naipokea mimi" au "nafungua mimi". Na mezani, bili ikiletwa, "I'll get this" ni "hii nalipa mimi". Atakayejibu "No, you won't get it" akidhani mwenzake anataka kuchukua kitu atakuwa amekataa kulipiwa.

Vikifuata vitu viwili, mtu kwanza kisha kitu, tumia kauli ya kutendea: "Get me a chair" ni "niletee kiti". "She got him a job" ni "alimtafutia kazi". Mpangilio ni mmoja kati ya miwili: "get me a chair" au "get a chair for me". Mpangilio wa tatu, "get for me a chair", husikika sana kwa wazungumzaji wa Kiswahili, kwa sababu "niletee" inaweka "ni" kabla ya kiti na akili inafuata njia hiyo. Kiingereza hakiukubali.

Ikifuata sifa

"Get" na kivumishi ni kubadilika hali. Hapa Kiswahili ni tajiri kuliko Kiingereza, kwa hiyo kutafsiri kuja kwetu ni rahisi: "get tired" ni kuchoka, "get fat" ni kunenepa, "get thin" ni kukonda, "get rich" ni kutajirika, "get angry" ni kukasirika, "get wet" ni kulowa. "Get old" inagawanyika: mtu huzeeka, nguo huchakaa. "Get hot" ni kupata moto, na "get better" kwa mgonjwa ni kupata nafuu, mahali pawili ambapo "pata" yetu inachungulia tena.

Tatizo liko upande wa pili, pale unapotoka kwenye Kiswahili. "Nimechoka" huwa watu wanaitoa kama "I got tired" au, vibaya zaidi, "I have tired". Sababu ni kwamba -me- ya Kiswahili kwa vitenzi vya hali haisimulii tukio lililopita. Inaeleza hali iliyopo sasa hivi. Na kwa hali iliyopo, Kiingereza hutumia "be", si "get". Chukua kitenzi kimoja, "lowa", ukizungushe:

Nimelowa: "I'm wet."
Ninalowa: "I'm getting wet."
Nililowa: "I got wet."
Usilowe: "Don't get wet."
Nilikuwa nimelowa: "I was wet."

Ya kwanza na ya mwisho zina "be", kwa sababu mabadiliko yamekwisha na tunaangalia matokeo. Tatu za katikati zina "get", kwa sababu tunaangalia mabadiliko yenyewe. Fanya zoezi hilo hilo kwa choka, kasirika, lewa na potea. Ukimaliza hivyo vinne kwa mdomo bila kusita, kanuni imeingia na hutahitaji kuikumbuka.

"Get" haichukui kila mabadiliko. Rangi na umri mara nyingi huchukua "turn": "the leaves turn yellow", "she turned 40". Kuharibika kunakopeleka kitu kubaya huchukua "go": chakula "goes bad", mtu "goes blind" au "goes mad", kampuni "goes bankrupt". Hakuna "get" hapo. Na nomino ikifuata, mlango umefungwa kabisa: "kuwa mwalimu" ni "become a teacher". Ukisema "I want to get a teacher" umesema unatafuta mwalimu wa kukufundisha, na mtu anaweza kukupa namba ya simu.

Likifuata umbo la tatu la kitenzi

"Get paid", "get caught", "get fired", "get hurt", "get stuck". Hii ni kauli ya kutendwa au ya kutendeka: kulipwa, kukamatwa, kufukuzwa kazi, kuumia, kukwama. Kwa nini isiwe "be" kama vitabu vya sarufi vinavyofundisha? Inaweza kuwa, lakini "get" inasukuma tukio mbele. "The window was broken" ina maana mbili: dirisha lilivunjwa, au dirisha lilikuwa limevunjika tangu zamani. "The window got broken" ina moja: kuna wakati lilivunjika. Vivyo hivyo "they were married" huweza kuwa "walikuwa mume na mke", lakini "they got married" ni siku ya ndoa yenyewe.

"Get" ya namna hii hupenda mambo ya ghafla, na zaidi mabaya au ya bahati: kuibiwa, kugongwa, kuchaguliwa, kupandishwa cheo. Haiendi na vitenzi vya hisia au ujuzi vinavyokaa moyoni. "He was liked by everyone" ni sawa; "he got liked by everyone" inakwaruza sikio. Ni lugha ya mazungumzo pia. Kwenye ripoti au barua ya kazi rudi kwenye "be".

Kuna machache hapa yanayostahili kushikwa moja moja. "Get dressed" ni kuvaa, lakini haichukui nguo baada yake: huwezi "get dressed a shirt". Nguo ikitajwa, sema "put on a shirt". "Get married" ni kuoa na pia kuolewa, Kiingereza hakitofautishi, na kihusishi chake ni "to": "she got married to a doctor". Kosa la "married with" linatokana na "kufunga ndoa na". Kuna pia "marry" isiyo na kihusishi chochote: "she married a doctor". "Get lost" ni kupotea njia, ila ikisemwa kama amri kwa mtu ni tusi dogo, "toka hapa!".

Kikifuata mahali

"Get to the station" ni kufika kituoni. "Get home" ni kufika nyumbani, na hapa "to" haiwekwi, sawa na "get here" na "get there". "Get to home" ni kosa linalodumu hata kwa watu wanaozungumza vizuri sana. Lishughulikie mapema.

Mara nyingi "get" ya mahali hubeba ugumu fulani. "I went into the room" ni niliingia. "I got into the room" inadokeza kwamba kuingia kulikuwa na kazi: mlango ulifungwa, au watu walijaa. Kwa hiyo "I can't get in" ni "nashindwa kuingia", na "we got the sofa through the door" ni "tulifanikiwa kulipitisha kochi mlangoni". Kiswahili kinahitaji "fanikiwa" au "weza" ili maana isipotee.

Vyombo vya usafiri vina kanuni yao. Kiswahili kinasema panda na shuka kwa vyote. Kiingereza kinagawa. Basi, treni, ndege na meli ni "get on" na "get off". Gari dogo na teksi ni "get in" au "get into", na kushuka ni "get out of". Kipimo kinachosaidia: ukiweza kusimama na kutembea ndani, ni "on". Ukilazimika kuinama na kukaa moja kwa moja, ni "in". Baiskeli, pikipiki na farasi unakaa juu yake, kwa hiyo "on". Ukisema "I got on the taxi", msikilizaji anakuona umekaa kwenye paa.

Kikifuata "to" na kitenzi

"Get to know someone" ni kumfahamu mtu taratibu. "Get to see" ni kupata nafasi ya kuona, na Kiswahili cha "nilipata kumwona" kinafanana nayo mno. Lakini "got to" yenye "have" mbele yake, hata kama hiyo "have" imemezwa, ni lazima: "I've got to go" ni "lazima niende". Tofauti ya "I got to meet the minister" na "I've got to meet the minister" ni tofauti ya bahati na wajibu, nayo imebebwa na sauti moja ya "v".

Mtego mdogo: "I get to work at eight". "Work" hapo si kitenzi, ni mahali. Maana yake ni "nafika kazini saa mbili", na aliyetafsiri "napata kufanya kazi saa nane" ana makosa mawili kwenye sentensi ya maneno sita.

"Get" na "-ing" ni kuanza, hasa baada ya kuzubaa: "let's get going" ni "haya twende", "we got talking" ni "tukajikuta tunazungumza".

Akifuata mtu anayefanyishwa, au kitu kinachofanyiwa

Hapa ndipo watu wenye Kiingereza kizuri huanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

"Get" ikifuatwa na mtu, kisha "to" na kitenzi, ni kumfanya mtu afanye jambo, kwa kawaida kwa ushawishi: "I got him to sign" ni "nilimshawishi mpaka akatia saini". Linganisha na jirani zake. "I made him sign" ni nilimlazimisha. "I had him sign" ni nilimwambia atie saini naye akatia, kwa sababu ndiyo kazi yake. "I let him sign" ni nilimruhusu. Jirani hao watatu hawana "to". "Get" peke yake ndiyo inayo. "I got him sign" ni kosa, na "I made him to sign" ni kosa lile lile lililogeuzwa. Kitu nacho kinaweza kukaa mahali pa mtu: "I can't get the car to start" ni gari linakataa kuwaka.

"Get" ikifuatwa na kitu, kisha umbo la tatu, maana yake kazi ilifanywa na mtu mwingine kwa niaba yako, au jambo lilikupata wewe mwenye kitu. "I got my hair cut" ni "nilinyolewa", na "I cut my hair" ni "nilijinyoa mwenyewe". "We got the roof repaired" ni tuliita fundi. "We repaired the roof" ni tulipanda wenyewe na nyundo. Kiswahili mara nyingi kinaliacha jambo hili likiwa na utata, maana "nimetengeneza gari" husemwa hata na asiyejua kushika spana. Mwingereza akisikia "I repaired my car" anaamini ulijipaka grisi.

Mpangilio ndio unaobeba maana. Kitu lazima kikae katikati. "I got my phone repaired", si "I got repaired my phone".

Sasa kosa kubwa kuliko yote ya ukurasa huu. Kiswahili kinaruhusu "niliibiwa simu": mtu ndiye kiima, kitenzi kimetendwa, na simu inakaa nyuma yake. Ukihamisha jengo hilo lilivyo unapata "I was stolen my phone", na maana inayosikika ni kwamba aliyeibwa ni wewe. Kiingereza kina njia mbili salama: "my phone was stolen" au "I got my phone stolen". Ya pili inamweka mtu mwanzoni kama Kiswahili kinavyopenda, kwa hiyo ndiyo inayokaa kirahisi mdomoni, ingawa inaweza kudokeza kwamba mwenyewe ulizembea. Kwenye taarifa ya polisi tumia ya kwanza. Vivyo hivyo "nilivunjwa mkono" si "I was broken my arm", ni "I got my arm broken" au "my arm was broken".

Hatua ya tatu: itenge "have got"

Ukiona "have", "has", "'ve" au "'s" mbele ya "got", simama kabla ya kufanya lolote. Hiyo mara nyingi ni "kuwa na" tu: "She's got two brothers" ni "ana kaka wawili". Swali lake kwa Waingereza ni "Have you got a pen?" na jibu fupi ni "Yes, I have", si "Yes, I've got". Wamarekani huuliza "Do you have a pen?" na kujibu "Yes, I do". Ukichanganya unapata "Do you have got", isiyokubaliwa na upande wowote. Kwa wakati uliopita acha "got" kabisa: "I had a pen".

Hatua ya nne: maneno mawili yaliyofungwa pamoja

"Get" ikifuatwa na neno dogo kama "up", "over", "by", "through", wakati mwingine maana inahesabika kutoka kwenye mahali, na wakati mwingine hapana. "Get out" ni kutoka, hesabu imekubali. "Get by" ni kujikimu kwa kidogo ulicho nacho, hesabu imekataa. Haya ndiyo machache yanayostahili kukaririwa, na yakaririwe kama neno moja, pamoja na kihusishi chake:

"get up" ni kutoka kitandani au kuinuka, tofauti na "wake up", ambayo ni kufumbua macho tu;
"get over" ni kupona au kusahau jambo lililokuumiza;
"get away with" ni kufanya kosa usiadhibiwe;
"get rid of" ni kuondokana na kitu au kukitupa;
"get round to" ni kupata wasaa wa jambo ulilokuwa ukiliahirisha;
"get through to" ni kumpata mtu kwenye simu, au kumfanya aelewe;
"get back to" mtu ni kumjibu baadaye, si kumrudia.

"Get on" inahitaji sentensi zake yenyewe, kwa sababu ina sura nyingi. Kwenye basi ni kupanda. Na "with" na mtu ni kuelewana naye. Na "with" na kazi ni kuendelea: "get on with your work". Ikisemwa juu ya mtu bila kitu kingine, "he's getting on", ni umri umekwenda. Angalia kilicho baada ya "with": mtu au kazi?

Nafasi ya "it" na "them" inabadilisha kila kitu. "Get over it" ni "sahau, yamepita". "Get it over with" ni "limalize tu liishe". Kwa vingi vyenye maana ya kurudisha au kutoa, kiwakilishi kinakaa katikati: "get it back", "get them out". Ukiandika neno jipya kwenye daftari, liandike likiwa na "it" mahali pake. Mstari wa "get over = pona" hautakusaidia siku ya kuzungumza.

Hatua ya tano: jua wakati wa kuiacha

Kwenye maandishi rasmi "get" nyingi zinaonekana za kizembe. Badilisha kwa "receive", "become", "arrive", "obtain", "understand", kadiri ya kinachofuata. Usivuke mpaka, lakini: mtu anayesema "I obtained some bread" anachekwa kuliko aliyesema "got".

Na "pata" yetu isigeuzwe "get" kila mara. Kupata ajali ni "have an accident". Kupata mtoto ni "have a baby". "Get a baby" inasikika kama umemchukua mahali. Kupata faida na hasara ni "make a profit" na "make a loss". Kupata habari kwamba ni "hear that". Kupata usingizi ni "fall asleep" au "get to sleep". Na kisu kisichopata hakihusiki kabisa: hicho ni "blunt".

Hatua ya sita: zoeza sikio

Wamarekani, "t" ikiwa kati ya vokali mbili, mara nyingi hawaitamki kama "t". Ulimi unagonga mara moja juu, sauti ile ile ya "r" ya Kiswahili kwenye "kura". "Get up" inasikika kama "gerap", "get it" kama "gerit", "gotta" kama "gara". Mwingereza wa mitaani naye huimeza kabisa kwenye "get back", ikabaki "ge" fupi iliyokatwa kooni. Asiyejua hilo hukaa akingoja "t" isiyokuja, na sentensi imeshapita.

Kisha jipime kwa kifungu hiki. Kabla ya kusoma tafsiri, weka kidole kwenye neno baada ya kila "get" na useme ni la kundi gani:

"I got up late, got dressed quickly and got to the office at nine. The boss was getting angry. I couldn't get the printer to work, so I got the letter printed next door. By the time I got back, everyone had eaten, and I didn't get any lunch."

Nilichelewa kutoka kitandani, nikavaa haraka haraka, nikafika ofisini saa tatu. Bosi alikuwa ameanza kukasirika. Printa ilinikatalia kabisa kufanya kazi, nikaenda kuchapishiwa barua jirani. Niliporudi, wote walikuwa wameshakula, na mimi sikupata chakula cha mchana.

"Get" nane, "pata" moja. Ukikosea, tazama ni ipi iliyokuangusha, kisha urudi kwenye kundi lake tu. Mara nyingi huwa ni ya printa au ya barua.